Anayeanza yoga ya Hatha afundishwe nyonga kabla ya goti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo makala za afya hulipita haraka. Kila zinapoitaja yoga, picha inayowekwa ni ileile: mtu ameketi chini, nyayo zote mbili zimepandishwa juu ya mapaja, mgongo wima, macho yamefumbwa. Msomaji aliyevutiwa hudhani kwamba hapo ndipo pa kuanzia, akajaribu jioni ileile. Mkao huo huitwa padmasana. Kwa mtu mzima aliyezoea kukaa kitini ni miongoni mwa mikao ya mwisho kujifunza, na wapo ambao umbo la mifupa ya nyonga zao halitauruhusu hata wakifanya mazoezi kwa miaka mingi. Magoti huumizwa kwa kuulazimisha, na majeraha hayo yangezuiwa kwa maelezo ya aya moja tu.

Aya yenyewe ni hii. Goti hujikunja na kunyooka kama bawaba. Kuzunguka kwake ni kidogo sana. Ili unyayo upande juu ya paja la pili, paja lazima lizunguke kuelekea nje, na kazi hiyo ni ya nyonga. Nyonga ikiwa imekaza, mtu hushika kifundo cha mguu na kukivuta juu kwa mkono, na ule mzunguko uliokosekana nyongani huhamia gotini. Gegedu la upande wa ndani wa goti hubanwa kati ya mifupa, na kano za upande wa nje huvutwa kupita kiasi. Dalili ni maumivu makali ya mahali pamoja, ndani ya goti. Ukiyasikia, shika mguu kwa mikono yote miwili, uushushe polepole kisha uunyooshe. Usijiambie kwamba goti litalegea kwa mazoea. Kinachotakiwa kulegea ni misuli inayoizunguka nyonga, na goti linapaswa kubaki imara.

Anayeanza akae hivi: akunje blanketi hadi lifikie unene wa sentimita 10 au 15, aketi ukingoni mwake, akunje miguu kwa kawaida mbele yake, kila unyayo ukiwa chini ya goti la mguu wa pili. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, blanketi halijatosha; aongeze jingine. Sababu ni kwamba magoti yakiwa juu, fupanyonga hulala nyuma, kiuno hujikunja, na baada ya dakika tatu mgongo huanza kuuma. Asiyeweza kukaa chini kabisa atumie kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote zikikanyaga sakafu, mgongo ukiwa mbali na egemeo. Hakuna zoezi la pumzi katika Hatha, yaani yoga ya mikao na pumzi, ambalo haliwezi kufanyika kitini.

Pengine msomaji atauliza: je, si mikao ndiyo yoga yenyewe? Kitabu mashuhuri cha Hatha, Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa India na Svatmarama katika karne ya 15, kinaeleza mikao 15 tu, mingi ikiwa ya kuketi, na hakuna hata mmoja wa kusimama. Sehemu kubwa inayobaki inahusu pumzi, usafi wa mwili na kutulia kwa akili. Padmasana imo na inasifiwa, lakini wasomaji wake walikuwa watu waliozoea kukaa chini tangu utotoni na walioyatoa maisha yao kwa kazi hiyo. Mikao mingi ya kusimama tunayoiona leo ilienea katika karne ya 20, hasa kutokana na Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha katika kasri la Mysore, India, kuanzia miaka ya 1930. Mmoja wa wanafunzi wake, B. K. S. Iyengar, ndiye aliyeeneza matumizi ya matofali ya mbao, mishipi na mablanketi ili mkao umfuate mwenye mwili. Ni mchango mkubwa kuliko picha zote za kuvutia, na nasikitika kwamba bado wanaoanza huona aibu kutumia vifaa hivyo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO ikaiweka yoga kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jina limefika kila mahali. Maelezo ya hatua ya kwanza hayajafika.

Katika madarasa ya sasa, neno Hatha kwa kawaida humaanisha yoga ya mwendo wa polepole: mkao mmoja unashikiliwa kwa pumzi kadhaa, unaachwa, mtu anapumzika, ndipo unafuata mwingine. Hiyo ndiyo sababu inamfaa anayeanza. Ana muda wa kuhisi kinachotokea kabla hajaumia.

Aanze na pumzi, akiwa amelala chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni kwa upana wa nyonga. Mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine kifuani. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, tumbo likiinuka kwanza na kifua kikifuata kidogo. Aitoe kwa pua akihesabu hadi 6. Asibane pumzi katikati. Hesabu moja ikiwa sekunde moja, atapata pumzi 6 kwa dakika, na dakika 5 zinatosha kwa wiki za mwanzo. Akiona 4 na 6 ni ndefu mno, ashuke hadi 3 na 4; muhimu kutoa hewa kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta. Mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa hewa, kupitia neva ya vagasi inayoushusha mwili kutoka hali ya tahadhari, kwa hiyo kuirefusha sehemu hiyo ni kuurefusha utulivu wenyewe.

Kosa la kawaida hapa ni bidii. Mtu hukokota hewa kwa nguvu, mabega yanapanda, shingo inakakamaa, na baada ya dakika moja anasikia kizunguzungu na ganzi kwenye vidole na midomo. Wengi hufikiri wamepungukiwa oksijeni. Kilichotokea ni kinyume chake: wametoa hewa ya ukaa nyingi mno, na mishipa ya damu ya ubongo imejibana. Aache kuhesabu, apumue kawaida, na hali itarudi yenyewe. Hapo pia ndipo linapoanguka lile dai kwamba yoga huujaza mwili oksijeni. Damu ya mtu mwenye afya aliyekaa tu tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100. Hakuna nafasi kubwa ya kuongeza.

Baada ya pumzi, mwili uamshwe kwa mkao wa paka. Piga magoti na kuweka viganja sakafuni, vifundo vya mikono chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Ukitoa hewa, pandisha mgongo juu na kuingiza kidevu. Ukivuta hewa, shusha tumbo na kufungua kifua. Rudia mara 6 hadi 8. Mwendo uanzie kwenye fupanyonga na kupanda pingili moja baada ya nyingine. Anayetikisa kichwa tu huku kiuno kimetulia hajafanya kitu.

Kusimama wima, yaani mkao wa mlima, wengi huuruka kwa kuuona ni wa kitoto. Ni shule nzima. Nyayo sambamba, kwa upana wa nyonga. Uzito umegawanyika kati ya kisigino, mzizi wa kidole gumba na mzizi wa kidole kidogo. Magoti yamenyooka bila kufungwa nyuma. Mbavu za chini hazijasukumwa mbele. Wenye viungo vinavyopinda sana wawe waangalifu hasa na magoti, kwa kuwa wao husimama kwa kuegemea kano na kuacha misuli ilale. Walegeze goti kiasi cha unene wa karatasi.

Kutoka hapo tunafika kwenye kuinama mbele, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo migongo inapoumizwa. Lengo watu wanalojiwekea ni kugusa vidole vya miguu, magoti yakiwa yamenyooka. Lengo hilo ni baya. Misuli ya nyuma ya paja imeshikamana juu na mifupa tunayoikalia, na chini imevuka goti. Ikiwa mifupi, huishikilia fupanyonga isiiname. Mtu akiendelea kujisukuma, mkunjo wote huangukia kiunoni: pingili za chini zinabana diski zake, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, upande wa mbele na kuzisukuma nyuma, kuelekea zilipo neva. Kwa hiyo kunja magoti, tena sana. Weka mikono kiunoni, sukuma makalio nyuma, na uiname kutoka kwenye viungo vya nyonga hadi tumbo likaribie mapaja. Ndipo ushushe mikono juu ya matofali mawili, au juu ya kiti. Sasa, bila kuliachia tumbo, anza kunyoosha magoti kidogo kidogo, na uishie hapo mara tu kiuno kinapoanza kujikunja. Hapo ndipo mwisho wako wa leo, hata kama magoti bado yamepinda. Kaa kwa pumzi 5.

Mvuto uusikie katikati ya paja, kwenye nyama ya msuli. Ukiusikia juu kabisa, chini ya kalio, mahali msuli unapoungana na mfupa, punguza. Hiyo ni kano inayolalamika, na kano iliyochubuka hapo huchukua miezi kupona, maana haipati damu nyingi kama msuli. Usijirushe juu na chini ili ufike mbali zaidi. Msuli unaovutwa ghafla hujikaza wenyewe kujilinda, na utakuwa unavuta kitu kinachokuvuta. Wakati wa kuinuka, kunja magoti tena, mikono kiunoni, panda taratibu. Kuinuka kwa haraka hushusha shinikizo la damu kwa sekunde chache na kuleta giza machoni.

Mkao wa mbwa anayejinyoosha hufuata kanuni hiyohiyo. Ukiwa umepiga magoti, sogeza mikono mbele kiasi cha kiganja kimoja, tanua vidole, kanyaga kwa vidole vya miguu na uinue makalio juu na nyuma. Magoti yabaki yamekunjwa hadi mgongo uwe mrefu. Hangaiko la kushusha visigino sakafuni huharibu kila kitu: mgongo unajikunja, uzito unarudi mikononi, vifundo vya mikono vinaanza kuuma. Visigino vinaweza kubaki hewani mwaka mzima bila madhara yoyote. Bonyeza sakafu kwa mizizi ya kidole gumba na cha shahada, ili mzigo usikae kwenye kisigino cha kiganja. Mikono ikiendelea kuuma, simama mbele ya ukuta, uweke viganja ukutani kwa kimo cha nyonga, urudi nyuma hadi mgongo na mikono viwe mstari mmoja. Faida ni ileile kwa mabega na misuli ya nyuma ya paja.

Mkao wa mti ufanyiwe karibu na ukuta. Unyayo uwekwe kwenye kifundo cha mguu, kwenye shavu la mguu au juu ndani ya paja, kamwe usikae ubavuni mwa goti, maana goti halina ulinzi dhidi ya msukumo wa pembeni. Macho yatazame nukta moja isiyotikisika, umbali wa mita 2 hivi. Katika mkao wa shujaa wa pili, miguu ikiwa imeachana mita moja au zaidi kidogo, goti la mbele likae juu ya kifundo cha mguu na kuelekea kidole cha pili. Likiangukia ndani, fupisha hatua.

Lala kifudifudi kwa mkao wa swila. Viganja kando ya kifua, viwiko karibu na mbavu, mfupa wa kinena ukibonyeza sakafu. Inua kifua kwa misuli ya mgongo. Sentimita 10 zinatosha. Kosa ni kunyoosha mikono na kurusha kichwa nyuma. Mkunjo wote hukusanyika kwenye pingili mbili au tatu za chini, na maumivu yake hujitokeza kesho yake asubuhi. Kipimo ni rahisi: nyanyua viganja kidogo kutoka sakafuni. Kimo ambacho kifua kimebaki nacho ndicho chako. Kilichopotea kilikuwa cha mikono. Pumzi 3, ushuke, urudie mara mbili, kisha uketi juu ya visigino na kuinama katika mkao wa mtoto, paji la uso likiegemea sakafu au blanketi.

Mkao wa daraja hufanywa chali, visigino karibu na makalio, nyonga zikiinuliwa kwa kukanyaga sakafu. Ukiwa juu, usigeuze kichwa hata mtu akikuita.

Mwisho ni mkao wa maiti, dakika 5 hadi 10, chali, miguu na mikono imeachiwa, blanketi likiwa chini ya magoti kwa mwenye kiuno kinachouma na jingine la kujifunika, kwani mwili hupoa haraka. Wenye haraka huondoka kabla ya hapo. Wanajinyima sehemu ambayo mwili unajifunza kulegea ukiwa macho, ujuzi ambao kwa watu wengi ni mgumu kuliko mkao wowote. Kuamka: geukia upande, tulia kidogo, jisukume kwa mikono, kichwa kiwe cha mwisho kuinuka.

Haya yote huchukua kama dakika 30. Mara 3 kwa wiki ni bora kuliko saa 2 za Jumapili peke yake. Tumbo liwe limepumzika kwa saa 2 au 3 baada ya mlo. Mkeka usiotelezesha, wa unene wa milimita 4 hadi 6, unatosha. Mnene sana hukufanya uyumbe ukisimama kwa mguu mmoja. Vitabu viwili vinene vinafanya kazi ya matofali, na shuka au mtandio hufanya kazi ya mshipi.

Kuhusu faida, wasomaji wanastahili kuambiwa zilizopo bila chumvi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wachambuzi wa tafiti za tiba, yalionyesha kuwa kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno, yoga ilileta nafuu ndogo hadi ya wastani katika shughuli za kila siku ikilinganishwa na kutofanya mazoezi. Ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti haikuwa ya maana, na baadhi ya washiriki maumivu yao yaliongezeka. Mwaka huohuo American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, iliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa kwa maumivu hayo. Pia wanaofanya kwa uthabiti hupata mwili unaonyumbuka, usawa bora wa kusimama, na wengi hulala vizuri zaidi na kupungukiwa na msongo wa mawazo.

Lakini Hatha ni zoezi jepesi. Nguvu inayotumika ni kama mara 2.5 ya ile ya mtu aliyeketi kimya, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayotumia nguvu kuanzia mara 3 ya ile ya kuketi. Anayefanya Hatha bado anahitaji kutembea kwa kasi, kuogelea au kuendesha baiskeli. Na kusokota kiuno hakutoi sumu mwilini, kama wengine wanavyodai. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, mchana na usiku.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kuanza. Mwenye presha ya macho aepuke mikao yote ya kichwa kuwa chini ya moyo, ukiwemo wa mbwa, kwa sababu shinikizo ndani ya jicho hupanda ndani ya dakika moja au mbili. Mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa asibane pumzi wala kusimama kichwa chini. Mwenye mifupa iliyodhoofika asijikunje mbele kwa mgongo wa mviringo wala kusokota kiuno kwa nguvu, maana pingili zinaweza kuvunjika. Mjamzito, baada ya miezi 3 ya mwanzo, asilale kifudifudi wala chali kwa muda mrefu. Na kusimama kwa kichwa au kwa mabega kusifundishwe mtu yeyote katika miezi ya mwanzo, awe kijana kiasi gani. Shingo haikuumbwa kubeba kiwiliwili.

Anayetafuta mwalimu amtazame kabla darasa halijaanza. Mwalimu mzuri huuliza nani ana jeraha, nani amefanyiwa upasuaji, nani ni mjamzito. Ana njia ya pili kwa kila mkao. Hamsukumi mwanafunzi mgongoni ili ashuke zaidi, na hamgusi bila ruhusa. Ikiwa darasa lina nyimbo au dua ambazo imani yako haikuruhusu, mwambie. Mikao na pumzi hufanyika bila hizo.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Safari ijayo gazeti likichapisha makala kuhusu yoga, tafuteni picha ya mtu aliyeinama huku magoti yamekunjwa na mikono ikiwa juu ya matofali, na chini yake mwandike kwamba amefanya sawasawa.

Wako katika afya,
Mwalimu wa yoga